Kufuli la mafuta, bei ya sahani

Mabasi ya Arusha yanayoondoka Dar es Salaam alfajiri hufika Mombo karibu na adhuhuri, na yale yanayotoka Arusha na Moshi hutufikia saa hizohizo. Ndiyo maana hoteli za pembezoni mwa barabara kuu hapa kwetu hupata wateja wa siku nzima ndani ya muda mfupi, tangu saa tano na nusu mpaka saa nane hivi mchana. Basi moja linashusha watu 50 na ushee. Konda ametangaza dakika 15, nusu yao wamekimbilia chooni, waliobaki wamejazana mbele ya kabati la vioo wakinyoosha noti, kila mmoja anataka chipsi kuku kabla honi haijalia. Hawajamaliza, linaingia la pili.

Nimekulia kwenye kazi hii. Nilianza kwa kuosha vyombo nikiwa binti, nikapanda hadi kwenye chapati, nikashika jiko, na sasa ni msimamizi wa jiko lenye watu kumi na kitu, wengi wao vijana. Mgeni akiingia hoteli huangalia usafi wa meza. Mimi nikiingia hoteli ya mwenzangu huangalia mikono ya wafanyakazi, kuanzia kwenye viwiko kushuka chini. Alama ndogondogo za mviringo ni mafuta yaliyoruka. Mstari mweusi juu ya kifundo ni mdomo wa karai. Ngozi iliyovutika na kung'aa ni kitu kilichomwagika, na hapo huwa siulizi zaidi.

Mombo ndipo njia ya Lushoto inapochepuka kutoka barabara kuu. Kabichi, karoti na viazi vinashuka na malori kutoka mlimani, na vijana wanashuka na malori hayohayo. Wapo waliomaliza darasa la saba na kukosa pa kwenda. Wapo waliofanya mtihani wa kidato cha nne Novemba na wanasubiri matokeo ya Januari, hawataki kukaa bure nyumbani. Hawa ndio wanaotujaa Desemba, na Desemba ndiyo Wachaga wanapanda kwao kula sikukuu, mabasi ya ziada yanatoka Dar usiku na mchana. Yaani mikono isiyojua kazi inaingia jikoni wiki ileile ambayo jiko halipumui. Watafiti wa Institute for Work & Health ya Toronto wameonyesha kuwa mfanyakazi aliye katika mwezi wake wa kwanza ana hatari ya kuumia zaidi ya mara tatu ya yule aliyevuka mwaka kwenye kazi hiyo. Huko ni Kanada. Kwetu mwezi huo wa kwanza kazini ndiyo Desemba yenyewe.

Wenye hoteli wana jibu lao moja: vijana wanaumia kwa utoto. Wanacheza, wanachezea simu, hawasikii. Simu zipo, na michezo ipo, sikatai. Lakini nimekuwa na tabia ya kufuata kila jeraha kinyumenyume, namuuliza aliyeumia alikuwa anafanya nini, kabla ya hapo alitumwa nini, na kwa nini wakati ule. Mara nyingi safari hiyo haiishii kwenye utoto. Inaishia kwenye hela.

Chukua mafuta. Mtu akisikia kijana kaungua na mafuta, hudhani ilikuwa mchana, foleni imejaa, moto umekolea. Kwa niliyoyaona, majeraha madogo ya kurukiwa ndiyo ya mchana. Makubwa ni ya usiku wakati wa kufunga, moto umeshazimwa na kila mtu anadhani hatari imekwisha.

Katika hoteli niliyofanya kazi kabla ya hii palikuwa na kijana wa miaka 16, sote tukimwita Dogo. Mafuta yamepanda bei, na mafuta ya kukaangia yanaibika kirahisi kuliko nyama: mtu anajaza chupa ya maji ya lita moja na nusu, anaondoka nayo. Kwa hiyo mwenye hoteli aliweka utaratibu kwamba kila usiku karai liingizwe stoo, stoo ifungwe, aondoke na ufunguo. Akiamua kuondoka saa tatu, mafuta yaliyokuwa yakikaanga saa mbili na nusu yanatakiwa yawe stoo saa tatu. Mafuta ya chipsi hukaanga yakiwa na nyuzijoto 170 hadi 190, wakati maji yanachemka kwa 100 tu. Karai la lita 10 halipoi kwa nusu saa. Linaacha kutoa moshi, linatulia, linaonekana limelala, lakini ukitumbukiza kidole unakiacha.

Usiku huo bosi alikuwa ameshawasha gari. Dogo na mwenzake wakashika karai huku na huku kwa matambara. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Dogo alivaa kandambili kama sisi sote. Aliteleza kwenye kizingiti cha stoo, na mafuta yakamwagikia mguu kuanzia gotini hadi kwenye vidole.

Kesho yake maneno yalikuwa yale yale: vijana hawana uangalifu, angetazama anapokanyaga. Mimi nilibaki nikiliangalia lile kufuli la stoo. Mtoto hakuamua kubeba mafuta ya moto. Kufuli ndilo lililoamua, na nyuma ya kufuli kuna lita moja na nusu za mafuta ambazo mtu mmoja aliwahi kuiba.

Nilipohamia hapa na kupewa jiko, jambo la kwanza nililomwomba bosi lilikuwa mfuniko. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea mfuniko wa bati zito wenye mkono mrefu, akaweka pete mbili kwenye stendi ya jiko, na kufuli linapita humo. Kazi ikiisha tunazima, tunafunga mtungi wa gesi kwenye valvu, tunafunika, tunapiga kufuli. Karai linalala palepale lilipokaangia. Asubuhi mafuta ni baridi, masimbi yametuama chini, kijana yeyote anayachuja kwa kitambaa bila wasiwasi. Bosi aliukubali mfuniko kwa sababu ya wizi, kisha akaupenda alipoona mafuta yaliyotuama na kuchujwa vizuri hayawi meusi haraka. Sikuwahi kumhubiria habari za miguu ya watoto. Ningemhubiria hiyo, ningekuwa bado nasubiri fundi.

Mfuniko ulituletea faida ambayo sikuipangia. Mafuta yakishika moto, na hushika iwapo karai litaachwa peke yake moto ukiwa juu, cha kwanza ambacho kijana hufikiria ni ndoo ya maji. Tone la maji likizama kwenye mafuta ya namna hiyo linageuka mvuke na kutanuka takribani mara 1,700, na mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye paa. Kwetu kila anayeingia jikoni, hata wa kuosha sahani, hufundishwa siku ya kwanza: zima gesi kama unaifikia, sukuma mfuniko kwa mkono wake mrefu juu ya karai, usiufunue kuchungulia, toka nje, piga 114 ya Zimamoto. Tunafanya mazoezi karai likiwa baridi. Wanacheka sana wakati wa mazoezi, na ninawaacha wacheke, maana anayecheka anakumbuka.

Na maji yana ujanja mwingine mdogo. Viazi vilivyokatwa huloweshwa ili visiwe vyeusi. Basi likiingia, kijana anaopoa vikiwa vinachuruzika na kuvimwaga kwenye karai, mafuta yanafura na kumwagika kwenye moto. Kumwambia "vikaushe kwanza" mbele ya watu 50 wenye haraka ni kupoteza maneno. Tunachofanya ni kuvikata asubuhi, kuvitandaza kwenye chekeche kubwa vichuje, na kuvikaanga nusu kabla ya saa tano. Basi likifika, kazi iliyobaki ni ya dakika chache.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa haraka yenyewe inaweza kupangwa. Dereva na konda hula bure kwetu, kama ilivyo desturi ya hoteli za njiani. Ndiyo malipo yao ya kutuletea abiria. Nikaona, kama tunawalisha, basi na wao watulipe kitu. Sasa makonda wa mabasi tunayoyapokea wananipigia simu wakipita Korogwe, au Hedaru kwa wanaotoka juu, wananiambia wana watu wangapi. Simu ya dakika moja. Wali unapakuliwa, kuku anakatwa, chipsi zinarudi kwenye mafuta mara ya pili, na vijana hawakimbii tena. Wanatembea upesi, na kutembea upesi siyo kukimbia. Konda mmoja alinibishia kuwa si kazi yake. Nikamwambia nyama ya bure nayo si kazi yangu. Sasa anapiga.

Sahani ni kisa kingine. Hoteli nyingi zina sheria kwamba anayevunja chombo anakatwa kwenye posho. Binti anayelipwa kwa kutwa, akivunja bakuli mbili za udongo, anaweza kurudi nyumbani na nauli tu. Nimeona binti wa miaka 17 akigongana na mwenzake mlangoni akiwa na bakuli mbili za supu, supu ya moto ya asubuhi inayotoka kwenye sufuria likichemka. Mkono wa mtu ukiungua huachia wenyewe. Hivyo ndivyo tulivyoumbwa. Yeye hakuachia. Alizikumbatia. Bakuli zote mbili zilipona, kifua chake kikaungua. Nilipomuuliza hospitalini kwa nini hakuzitupa, alinitazama kama nimeuliza jambo la kijinga, akasema, "Mama, zingekatwa kwangu."

Baada ya hapo nilikwenda kwa bosi na hesabu. Nilimwandikia vyombo vilivyovunjika kwa miezi iliyopita na bei zake, nikaweka pembeni gharama ya hospitali na siku ambazo tulimtafuta deiwaka wa kushika nafasi ya binti. Hakufurahi, lakini alikuwa mtu wa hesabu. Akafuta makato. Tukanunua bakuli na sahani za melamini kwa ajili ya vijana wapya, za udongo tukawaachia wazoefu. Kilichonishangaza ni kwamba vyombo havikuvunjika zaidi kuliko mwanzo. Mtu asiye na hofu hatetemeki.

Mlango nao tuliugawa. Jikoni kuna milango miwili, na mmoja ulikuwa umezibwa na makreti ya soda. Makreti yakahamia ukumbini, sasa mmoja ni wa kutoka na mwingine wa kuingia. Yeyote aliyebeba kitu cha moto anapaza sauti, "Moto, moto!" tangu anapogeuka na sufuria. Wateja wa mwanzo walishtuka, mmoja akasimama kabisa kutaka kukimbia. Wameshazoea.

Siku hizi visu tunavifundisha kwa namna ileile. Kisu kikikuponyoka, mikono juu, miguu nyuma, kiache kianguke. Kijana akiambiwa kisu kikipinda anakilipa yeye, atakidaka kwa makali. Kisu butu ni kibaya kuliko kikali, kwa kuwa kinahitaji nguvu na kinateleza juu ya ngozi ya kiazi, kwa hiyo jiwe la kunolea liko mezani na linatumika kila asubuhi. Na ni mwiko kutumbukiza kisu kwenye beseni la povu. Anayeosha vyombo haoni kilichomo. Viatu je? Viatu vya kufunika, soli yenye meno, bosi anatoa nusu ya bei na nusu mfanyakazi analipa taratibu. Mtumba wa Korogwe una viatu vizuri kwa hela ndogo.

Gunia la viazi sitalisemea sana. Lumbesa limepigwa marufuku, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini malori ya alfajiri hayasomi sheria. Hata hizo kilo 100 si mzigo wa mgongo wa mtoto wa miaka 15 anayetaka kuwaonyesha wenzake kuwa ni mwanaume. Gunia linafunguliwa palepale kwenye lori na viazi vinaingia kwa ndoo. Ikichukua muda, ichukue.

Kuna jambo gumu kuliko mafuta na visu, nalo ni adabu. Kijana aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa "siwezi". Unamwagiza kitu, anaitikia "ndiyo mama", anakwenda kukifanya vibaya kwa unyenyekevu wote. Unamuuliza kama ameelewa, anasema ameelewa, kwani kusema hajaelewa ni kama kukuambia umeeleza ovyo. Nimeacha kuuliza "umeelewa?" Nasema, "Nionyeshe." Afunge gesi nimwone. Apake povu la sabuni kwenye mpira wa gesi aniambie mapovu yakitokea maana yake nini. Aopoe chipsi kutoka kwenye karai baridi, akisimama pembeni, asisimame akiwa ameliinamia. Asipojua anaonekana palepale bila kulazimika kusema.

Pia simkabidhi mpya kwa mzee. Namkabidhi kwa kijana aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili, mtu anayeweza kumuuliza upuuzi bila aibu. Hao hufundishana mambo ambayo mimi nimeshayasahau kwa sababu mikono yangu inayafanya yenyewe. Kijana mmoja alimfundisha mwenzake kukunja mikono ya shati badala ya kuiacha ikining'inia. Mimi nisingelikumbuka hilo.

Adabu ikichanganyika na posho ya kutwa inazaa kitu kibaya zaidi, jeraha la kufichwa. Anayeungua anajua kwamba akisema ataambiwa aende nyumbani, na akienda nyumbani hana posho ya leo wala uhakika wa kesho. Kwa hiyo anajipaka dawa ya meno, anashusha mkono wa shati, anaendelea kubeba sahani. Siku ya nne mkono umevimba, una usaha. Nilipopewa jiko niliomba kitu kimoja kiandikwe ukutani kwa herufi kubwa: aliyeumia kazini analipwa posho ya siku hiyo hata akienda nyumbani saa nne asubuhi. Wiki ya kwanza baada ya tangazo nilionyeshwa majeraha ambayo sikujua yapo, mengine yalikuwa yanaelekea kupona.

Vita ya dawa ya meno ingali inaendelea. Kila nyumba ina dawa yake ya moto: yai bichi, unga wa ngano, mafuta ya taa, chumvi. Shangazi wa mtu fulani alipona kwayo, na huwezi kubishana na shangazi. Vitu hivyo vinafungia joto ndani au vinaingiza uchafu, na daktari lazima avibandue kabla hajaona kidonda. Tunachotaka ni maji. Maji safi ya kawaida, si ya barafu, yanayotiririka juu ya palipoungua kwa dakika 20, saa ya ukutani ikitazamwa, maana dakika mbili kwa mtu mwenye maumivu ni kama saa nzima. Bomba letu halina maji kila siku, kwa hivyo kuna ndoo ya koki ya lita 20 juu ya meza yake, imejaa muda wote, na hairuhusiwi kuoshea hata kikombe. Vua pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Usitoboe lengelenge. Funika kwa kitambaa safi au nailoni safi ya kufungia chakula, uende kituo cha afya. Ukiungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, au eneo likiwa kubwa kuliko kiganja chako, hakuna kusubiri kesho.

Baba yake Dogo alishuka kutoka mlimani siku ya tatu. Mzee mpole, kofia mkononi. Alipewa nauli na kiasi kidogo cha fedha, akashukuru, jambo lililoniuma kuliko angetukana. Hakujua kuwa kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na kwamba mchango wake unalipwa na mwajiri bila mfanyakazi kukatwa hata senti. Hata angejua, Dogo alikuwa deiwaka. Jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Hapa nina daftari: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi, siku aliyoanza kazi, na nani anamfundisha. Nampigia mzazi siku ileile kijana anapoanza. Wengine wanashangaa kupigiwa kabla ya jambo baya kutokea.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayonigombanisha na watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza kumweka aliye chini ya miaka 18 kwenye mazingira hatarishi, hata kama ni sekta isiyo rasmi. Zamani sheria ya usiku haikutusumbua sana kwa sababu mabasi yenyewe yalikuwa hayatembei usiku. Mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, wateja wa saa saba na saa nane usiku wakarudi. Hoteli zikaanza kukesha, na waliokuwa tayari kukesha kwa posho ndogo walikuwa hawa hawa watoto.

Usiku jikoni ni nchi nyingine. Mtu wa miaka 16 akikesha, ifikapo saa tisa anakuwa amesimama macho wazi lakini hayupo. Wasimamizi hatupo. Wateja ni wachache lakini baadhi wamelewa, na kuna madereva wa malori wanaoagiza chakula kiletwe chumbani gesti na kusisitiza aletwe na yule binti. Hilo silihesabu kama ajali, lakini nimelifuata kinyumenyume kama mengine, nikakuta hela ileile: bahasha ya mteja mkubwa ambaye hakuna anayetaka kumuudhi. Chakula cha gesti sasa kinachukuliwa mapokezi na mwenye kukiagiza. Asiyetaka kushuka, asile.

Nilipowatoa wote wasiotimiza miaka 18 kwenye zamu ya usiku, na karai nikaliwekea umri huohuo, si wote walionishukuru. Binti mmoja wa miaka 17 alilia. Zamu ya usiku ilikuwa inalipa zaidi, na alikuwa anawasomesha wadogo zake wawili kule juu. Nilimpa ya mchana, kwenye chapati na juisi, akakaa kidogo, kisha akavuka barabara kwenda hoteli ya ng'ambo wanakompa usiku. Namwona asubuhi akitoka, nami nikiingia. Ananisalimia, "Shikamoo mama," kwa heshima zote, macho mekundu.

Nimekwenda kuzungumza na msimamizi wa hoteli hiyo, tunafahamiana tangu tukiosha vyombo pamoja. Mfuniko ameshaufanyia kazi. Fundi wetu alimpunguzia bei kwa sababu vipimo anavyo tayari. Makato ya vyombo ameyapunguza nusu. La usiku bado tunavutana. Anasema niache kumhesabia miaka ya watu, na kama nina mtu mzima atakayekesha kwa posho ileile nimpelekee. Nimempelekea majina mawili. Mmoja amekataa alipoitajiwa hela. Wa pili ataanza Jumatatu, na hapo ndipo nitakapomuuliza habari za yule binti.